Mikanda ya Star Trek iliyoota ukungu: ipi uiokoe, ipi uiache kabatini

SWALI: Mjomba wangu aliishi Uingereza kuanzia 1988 hadi 1995, akarudi Mwanza na masanduku mawili ya mikanda ya VHS ya Star Trek, ile tamthilia ya Marekani ya safari za anga. Alipofariki tulibaki nayo hapa Kirumba. Ipo 46: 28 ni ya dukani, yenye maboksi ya picha, na 18 alirekodi mwenyewe kwenye televisheni akaandika kwa kalamu "ST", "TNG", namba na tarehe. Mingi ina unga mweupe unaoonekana kwenye kidirisha. Deki yake inawaka, lakini inameza mkanda na kuutema. Nataka kuihamishia yote kwenye kompyuta ili wanangu wawili, wa miaka 9 na 12, waone alichokuwa akikipenda babu yao. Nianzie wapi? Na wao waanze na kipindi gani?

JIBU: Dada, pole kwa kumpoteza mjomba. Kabla ya yote, usiingize mkanda wowote kwenye deki, hata ule unaoonekana msafi. Unga huo mweupe ni ukungu. Mkanda mmoja ukipita nao, mbegu zake hubaki kwenye kichwa cha deki, kile kinachosoma picha, na kwenye rola, na mkanda msafi utakaofuata unaambukizwa. Isitoshe, ukungu mbichi hunata. Unaweza kuufanya utepe wa ndani ya mkanda ung'ang'anie silinda inayozunguka yenye vichwa, ukakunjika au ukakatika.

Jambo la pili huenda lisikufurahishe: ile 28 ya dukani usihangaike kuinasa kwenye kompyuta. Nguvu, muda na fedha zako zielekeze kwenye ile 18 aliyoiandika kwa mkono wake.

Mfululizo wa kwanza, ule wa Kapteni Kirk na Spock, una vipindi 79. Televisheni ya NBC ya Marekani iliurusha kuanzia 8 Septemba 1966 hadi 3 Juni 1969, na ulipigwa kwa filamu ya milimita 35. Ndani ya filamu hiyo mna picha nzuri kuliko aliyowahi kuiona mjomba wako, kwa kuwa VHS hupitisha undani wa takribani mistari 240 tu. Wapenzi wa zamani wana hofu moja ya haki: kuanzia 2006 vipindi hivyo vilirushwa upya vikiwa na picha za anga zilizotengenezwa kwa kompyuta mahali pa vile vyombo vya mfano vya awali, na mtu aliyekizoea chombo cha Kirk, Enterprise, cha kwanza hataki kubadilishiwa. Diski za Blu-ray, zenye picha kali kuliko DVD, zilizotoka 2009 zimelimaliza suala hilo. Unachagua kwa rimoti, picha za anga za zamani au mpya, kipindi kwa kipindi. Hakuna kilichopotea ambacho mkanda wa dukani ungekirudisha.

The Next Generation (ndiyo "TNG" ya kwenye lebo), ile ya Kapteni Picard yenye vipindi 178 (1987 hadi 1994), ina historia nyingine. Ilipigwa kwa filamu, lakini ikahaririwa kwenye mikanda ya video ili kubana gharama, ndiyo maana kwenye VHS na DVD rangi zake zimefifia na picha si kali. Kati ya 2012 na 2014 misimu yote 7 ilitolewa kwa Blu-ray baada ya kuunganishwa upya kutoka kwenye filamu asilia, na tofauti utaiona hata kwenye televisheni ndogo. Mifululizo iliyofuata, Deep Space Nine na Voyager, haikufanyiwa kazi hiyo, hivyo kwa hiyo miwili chukua DVD, ambayo bado inaishinda VHS.

Kuna na kikwazo cha kiufundi. Mikanda mingi ya dukani ina alama ya kinga dhidi ya kunakiliwa: ukijaribu kuinasa, mwanga wa picha unapanda na kushuka kila baada ya sekunde chache. Watu wengi wamebadilisha deki nzima wakidhani ni ubovu. Usipigane nayo. Kazi hizo zina wenye haki, diski zinauzwa, nunua diski. Mikanda yenyewe isafishe kwa nje, ihifadhi na maboksi yake, iwe kumbukumbu ya kushikwa mkononi.

Ukikuta filamu ya kwanza ya sinema, The Motion Picture ya 1979, tazama dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Filamu ya sinema ilikuwa na dakika 132. Kuna toleo refu la 1983, dakika 143, ambalo kwa miaka mingi halikutolewa kwenye DVD. Mikanda ya Uingereza hucheza filamu kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo muda hupungua kwa asilimia 4: dakika 132 huwa kama 127, na 143 huwa kama 137. Ukiona 137, hilo ndilo toleo refu, na wakusanyaji hulithamini. Mpunguo huohuo ndio unaofanya kipindi cha Kirk cha dakika 50 kiishe kwenye dakika 48. Hakuna aliyekata kitu.

Sasa ile 18. BBC2 ilianza kuonesha The Next Generation mwaka 1990, kwa hiyo alichokirekodi mjomba ni matangazo ya jioni fulani: sauti ya mtangazaji kabla ya kipindi, dondoo za vipindi vya wiki ijayo, na chochote kilichofuata baada ya yeye kusahau kuzima. Hayo hayauzwi popote. Mkanda wa E-180 una saa 3, na vipindi vitatu vya Star Trek havizijazi. Watu walikuwa wakizitumia zile dakika zilizobaki kurekodia vitu vingine kabisa. Kwa sababu hiyo, kila mkanda unase kuanzia inchi ya kwanza hadi ya mwisho, hata skrini ikikaa nyeusi kwa dakika kumi.

Kabla ya kugusa kitu, piga picha kila lebo na mgongo wa kila boksi, kisha uipe mikanda namba 01 hadi 18. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na mwandiko wake nao ni sehemu ya urithi.

Kukausha

Mwanza ina misimu miwili ya mvua, na hewa ya ziwa haikauki sana hata katikati yake. Ukungu hukua unyevu wa hewa unapopita takribani asilimia 65, na hulala ukishuka chini ya 50. Kwa hiyo unachohitaji ni kisanduku kikavu. Ukianza kazi kati ya Juni na Septemba utakuwa umejirahisishia.

Tafuta kontena la plastiki la lita 30 lenye mfuniko unaobana. Mikanda 18 bila maboksi inachukua kama lita 9, hivyo itabaki nafasi ya hewa kuzunguka. Itoe kwenye maboksi ya karatasi, maana karatasi ndiyo inayoshika unyevu. Weka nusu kilo ya silika jeli, ile ya punje zinazobadilika rangi, kwenye mifuko ya kitambaa chepesi, pamoja na kipima unyevu kidogo cha betri unachoweza kukisoma kwa nje. Funga, acha wiki tatu hadi nne. Kipimo kinatakiwa kushuka hadi kati ya 35 na 45 na kukaa hapo. Punje zikibadilika rangi mapema, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, uzirudishe.

Mchele na mkaa wa jikoni havifikii kazi hii. Mchele huvuta kidogo sana, kisha huleta wadudu. Na tafadhali usianike juani, hata kama ndivyo tunavyofanya na dagaa. Plastiki nyeusi hupata joto haraka, gamba hupinda, utepe hulegea kwenye magurudumu yake, na picha iliyopinda namna hiyo hainyooki tena.

Kukausha kwanza kuna sababu. Ukungu mkavu hugeuka vumbi na hupangusika. Ukiufuta ungali mbichi unaupaka kwenye mita 258 za utepe.

Kusafisha

Fanya kazi hii barazani, upepo wa ziwa ukitokea mgongoni kwako. Vaa barakoa inayobana ya N95 na glovu, na mwenye pumu asikae karibu. Nguo ulizovaa zifue siku hiyohiyo.

Geuza mkanda chali. Utaona skrubu tano. Bisibisi nyota ndogo inatosha. Zitoe, shika nusu mbili za gamba zikiwa zimebanana, geuza tena, kisha inua nusu ya juu polepole. Piga picha kabla hujagusa chochote, kwa sababu vipo vipande vidogo vinavyopenda kudondoka: vijiti vya chuma vya kuongozea utepe, breki mbili za magurudumu na springi ya mlango wa mbele. Asiye na picha hukaa nusu saa akibahatisha springi ilikuwa inaelekea wapi.

Anza na kingo za utepe zinazoonekana kama sahani nyeusi. Pangusa kwa kitambaa laini cha miwani, kikavu, kutoka katikati kwenda nje. Kisha rudia na kitambaa kingine kilicholowana kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya vidonda haifai, ina maji, na mara nyingine rangi. Kingo hizi zisafishe kwa bidii kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwenye VHS sauti ya kawaida imeandikwa ukingo wa juu, na alama zinazoiambia deki isome kwa mwendo gani ziko ukingo wa chini. Ukungu huanzia kingoni, ndiyo maana mkanda ulioharibika hupoteza sauti na kuanza kuyumba wakati katikati ya picha bado ni nzima.

Halafu utepe wenyewe. Zile mashine ndogo za kurudishia mikanda nyuma zinafaa sana, kwa kuwa hazina kichwa cha kuchafuka. Ondoa mfuniko wa mashine, funua mlango wa mkanda, bana utepe kwa wepesi kati ya mikunjo miwili ya kitambaa kikavu, uache uzunguke. Simama mara kwa mara ugeuze kitambaa upande safi. Pitisha mara mbili, kwenda na kurudi. Ukikosa mashine, zungusha magurudumu kwa mkono. Ni kazi ya jioni nzima kwa mkanda mmoja, lakini ni salama. Utepe ukigoma kubanduka, usivute. Tabaka lenye picha ndilo linalobaki limenata upande wa pili. Urudishe kwenye kisanduku wiki mbili zaidi.

Gamba lililokuwa na ukungu usilitumie tena. Nunua mikanda mitupu ya zamani yenye skrubu, isiyogundishwa, uhamishie magurudumu humo, kisha ubandike lebo ya mjomba kwenye boksi jipya.

Deki

Inayomeza na kutema kwa kawaida ina tatizo moja kati ya matatu: beliti ya mpira inayovuta mkanda ndani imelegea, swichi inayoiambia deki iko hatua gani imechafuka, au gurudumu dogo la mpira linalozungusha mikanda limekuwa gumu. Yote matatu fundi wa redio na televisheni anayejua kazi huyatengeneza kwa siku moja. Mwambie abadilishe beliti, asafishe swichi na akague rola ya mpira inayobana utepe. Mpelekee mkanda wowote wa kujaribia, wala usimpe wa mjomba. Jambo ambalo hata mafundi husahau ni kwamba deki hutambua mwisho wa mkanda kwa mwanga unaopita kwenye kipande chake kisicho na rangi. Ukiifungua mfuniko mbele ya dirisha lenye jua, hudanganyika na kutema. Ikinge kwa karatasi nyeusi kabla ya kusema bado ni mbovu.

Kichwa kinasafishwa kwa namna moja tu. Chukua karatasi nyeupe safi au ngozi laini, ilowanishe isopropili, iguse silinda bila kukandamiza, kisha zungusha silinda kwa mkono mara sita au saba. Kitambaa kinakaa tuli, silinda ndiyo inayozunguka. Usipandishe na kushusha kamwe: vichwa ni vipande vidogo vinavyovunjika kwa mguso wa wima. Vijiti vya pamba vya masikio navyo viache, nyuzi zake hunasa. Silinda hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, kwa hiyo uchafu mdogo tu unatosha kukuletea chenga skrini nzima.

Chenga zikijaa picha yote, kichwa ni kichafu. Zikiwa mstari juu au chini, rekebisha trakingi, kitufe cha deki cha kulinganisha kichwa na utepe. Mistari michache ya kuchezacheza chini kabisa ni ya kawaida, kila VHS inayo. Picha ikizunguka bila rangi, huenda mkanda ni wa mfumo wa Marekani. Hiyo huandikwa T-120 badala ya E-180, na deki ya Uingereza ya zamani inaweza isiisome.

Weka deki na kompyuta kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme. Umeme ukikatika mkanda ukiwa unacheza, utepe unabaki umezungushwa kwenye silinda. Usiuvute kwa mkono. Subiri umeme urudi, deki itautoa yenyewe.

Kunasa

Unahitaji kinasa video cha USB chenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, nyaya zake, na kompyuta yenye OBS Studio, programu ya bure. Kifaa kiwekwe PAL, mfumo wa video wa Uingereza, ukubwa wa 720 kwa 576. Kwenye OBS weka turubai ya 768 kwa 576, mwendo wa picha 50 kwa sekunde, na kuondoa mistari (Deinterlacing) kwa njia ya Yadif 2x. Ukiweka 25 utapoteza nusu ya mwendo, na vyombo vinavyopita angani vitaonekana vikirukaruka. Usitanue picha ijaze televisheni pana. Vipindi hivi vilitengenezwa kwa umbo la 4 kwa 3, na ukivitanua sura zote hunenepa.

Kasi ya data weka megabiti 8 kwa sekunde, sauti 48 kHz, faili aina ya MKV. Ya MKV ni muhimu kwetu: rekodi ya MP4 ikikatizwa na umeme mara nyingi haifunguki tena, MKV hubaki nzima hadi pale ilipokatikia. Kwa kasi hiyo saa moja ni takribani GB 3.6. Mikanda 18 ya saa 3 ni saa 54, yaani kama GB 195. Mjomba akiwa alirekodi kwa mwendo wa nusu, ambao deki huuonesha kama LP, saa na GB zinakuwa mara mbili. Nunua diski mbili za TB 1, moja ya kutumia, nyingine ikae kwa ndugu mwingine, siyo nyumba hiyohiyo. Nakala hizi zibaki za familia, usizipandishe mtandaoni.

Mkanda uliokwisha safishwa upeleke mbele hadi mwisho na kuurudisha nyuma mara moja kabla ya kucheza, utepe ukae kwa mkazo sawa. Nasa dakika tano, simamisha, tazama na usikilize. Kosa linalowakuta wengi ni sauti kuachana na midomo baada ya nusu saa. Chanzo ni utepe uliochoka: kinasa kinakosa picha kadhaa na sauti inaendelea mbele. Dawa rahisi ni kupitisha mawimbi kwenye mashine ya kurekodia DVD, kutoka deki kuingia kwayo, kutoka kwayo kwenda kompyuta, bila kurekodi chochote ndani yake. Nyingi zina kisawazishi cha picha kinachotuliza mtikisiko. Sauti ikinguruma kama nzi chupani, tafuta kitufe cha sauti uhamie ile ya kawaida, yaani mono.

Kwenye TNG utaona kivuli hafifu mtu akigeuka haraka. Hilo halitokani na mkanda wala kinasa. Kipindi kilihaririwa kwa mfumo wa Marekani wa picha 30 kwa sekunde, kikabadilishwa kuwa 25 ili kirushwe Uingereza, na kivuli hicho ndiyo alama ya mabadiliko. Kiache.

Ukimaliza, mikanda yote 46 isimamishwe wima kama vitabu, imerudishwa mwanzo, kwenye kontena lenye silika jeli, juu ya kabati la ukuta wa ndani, mbali na spika.

Watoto waanze wapi

Jioni ya kwanza waoneshe kipindi kimoja kutoka kwenye mkanda wa babu yao kama kilivyo, na mtangazaji wake na kelele zake. Baada ya hapo hamieni kwenye diski.

Usifuate mpangilio wa tarehe. Anza na The Trouble with Tribbles ya Desemba 1967, ambayo mtoto wa miaka 9 ataicheka bila kutafsiriwa mengi, kisha The Devil in the Dark ya Machi 1967, ambamo anayeonekana zimwi siye zimwi. Kisha wape zawadi ambayo watoto wengi duniani hawaipati: kusikia lugha yao. Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Kipindi kilipoanza, Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru wake. Katika The Man Trap, kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, kiumbe anayejigeuza sura anamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Katika The Changeling ya Septemba 1967 kumbukumbu zake zimefutwa, anafundishwa kusoma upya, anakwama kwenye neno la Kiingereza na Kiswahili kinamtoka. Matamshi hayatawaridhisha, waache wayasahihishe. Jina lake la kwanza, Nyota, lilitamkwa kwenye skrini kwa mara ya kwanza katika filamu ya 2009. The Man Trap ina sura moja ya kutisha mwishoni, kwa hiyo yule mdogo msiitazame naye usiku.

Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na alieleza mara nyingi kwamba Martin Luther King Jr. ndiye aliyemwomba abaki. Mwambie mkubwa habari hiyo kabla, atamtazama Uhura kwa jicho lingine kwenye kila tukio.

Kwa mfululizo wa Picard, ruka msimu wa kwanza wote. Hata wapenzi wa damu hukubali kwamba bado ulikuwa unajitafuta. Anza na The Measure of a Man ya 1989, kesi ya kuamua kama mtu wa mashine ni mali au ni mtu. Kisha Darmok ya 1991. Humo wamo watu ambao lugha yao yote ni mifano kutoka hadithi zao: wanataja majina na mahali, na asiyejua hadithi haelewi neno. Mtoto aliyekulia kwa bibi anayeongea kwa methali ataelewa kabla Picard hajaelewa. Aliyeigiza kapteni wa watu hao, Paul Winfield, ndiye Kapteni Terrell wa filamu ya pili, The Wrath of Khan. Mkifika kwenye filamu hiyo, mwulize mkubwa kama ameitambua sauti.

Filamu ya pili, ya tatu na ya nne (1982, 1984, 1986) ni hadithi moja, zitazamwe kwa mfuatano, na kabla yake watazame kipindi cha Space Seed cha Februari 1967 ili wamjue Khan, adui wa filamu ya pili. Ficha boksi la filamu ya tatu, maana jina lake linatoboa siri ya mwisho wa ile ya pili. Katika ya pili kuna wadudu wanaoingizwa masikioni. Hapo yule wa miaka 9 afumbe macho au asubiri mwaka mmoja.

Ya nne, The Voyage Home, itawagusa watoto wa ukanda wa ziwa pengine kuliko wengine. Dunia ya mbele inaangamia kwa sababu watu walikwisha kuwamaliza nyangumi wenye nundu, na Kirk analazimika kurudi hadi 1986 kuwatafuta. Muongo huohuo, hapa kwenye Ghuba ya Mwanza, sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alikuwa amezidi, na furu wa aina nyingi sana walikuwa wakipotea. Filamu ikiisha, wapeleke mwaloni Kirumba, wamwombe mvuvi mzee awatajie furu aliowavua akiwa kijana ambao sasa nyavu haziwaleti.